Waliomkimbia Hitler wakaishia gerezani Morisi

Tarehe 26 Desemba 1940 meli mbili za Kiholanzi, Johan de Witt na Nieuw Zeeland, zilifika Port Louis, Morisi, zikiwa zimebeba Wayahudi wapatao 1,580. Wengi walitoka Austria, Chekoslovakia na Danzig. Kosa lao lilikuwa kutaka kuingia Palestina bila kibali. Hakuna hakimu aliyewasikiliza; walipelekwa moja kwa moja gereza la Beau Bassin.

Walikuwa wameteremka mto Danube hadi Romania, wakasongamana katika meli chakavu iliyoitwa Atlantic. Uingereza, iliyotawala Palestina, ilikuwa imetangaza mwaka 1939 kwamba ingepokea Wayahudi 75,000 tu kwa miaka mitano, kwa kuhofia hasira ya Waarabu. Waliokuja kwa njia za panya wangepelekwa makoloni yake ya mbali, kama Morisi, ili wengine wakome.

Atlantic ilipofika bandari ya Haifa, Palestina, palikuwa na meli Patria, tayari kuanza kazi hiyo. Tarehe 25 Novemba wapiganaji wa Haganah, jeshi la siri la Wayahudi wa Palestina, wakailipua, nia yao ikiwa kuiharibu tu isiondoke. Ikazama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 200 wakafa. Manusura wakaruhusiwa kubaki. Wenzao wa Atlantic, waliokuwa bado hawajahamishiwa Patria, wakanyimwa huruma hiyo: alfajiri ya 9 Desemba polisi waliingia kambi ya Atlit walimozuiliwa, na wanaume waliogoma kuvaa nguo ili wasisafirishwe wakapigwa na kubebwa juujuu.

Beau Bassin wanaume walilala katika seli, wanawake na watoto katika mabanda ya mabati ng'ambo ya ukuta. Mume na mke hawakuruhusiwa hata kuzungumza. Hilo ndilo lililowauma kuliko malaria na homa ya matumbo, ingawa maradhi ndiyo yaliyoua. Taratibu masharti yakalegezwa, wanandoa wakakutana kwa saa chache, na watoto wapatao 60 wakazaliwa humo. Palikuwa na shule, karakana, hata wanamuziki. Kwa wakoloni, hata hivyo, pasipoti ya Ujerumani ilitosha kumtilia mtu shaka ya ujasusi, ijapokuwa Hitler ndiye aliyemfukuza.

Vijana kadhaa walitoka kwa kujiunga na majeshi yaliyopigana na Ujerumani. Waliosalia, zaidi ya 1,300, waliachiliwa mwaka 1945, na Agosti wengi wao wakasafiri kwenda Haifa, safari hii wakiwa na vibali. Zaidi ya 120 walizikwa makaburi ya St. Martin. Gereza la Beau Bassin lingali likitumika.