Taa Kongwe za Jukwaa na Mikono Iliyozishika

Ukimtajia mkazi wa Nyakabanda, Kigali, habari za taa za jukwaa, fikira zake aghalabu hukimbilia BK Arena, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019 wenye nafasi ya watu 10,000, ambako miali ya bluu na zambarau hupita juu ya vichwa vya umati kwa amri ya kitufe kimoja. Sina kinyongo na miali hiyo. Lakini sekta hii ya wilaya ya Nyarugenge imepakana na Nyamirambo, mtaa wenye msikiti uliojengwa mwaka 1913, na Kiswahili hakijakatika vinywani mwa watu wa huku tangu zama zile wafanyabiashara na askari waliotoka pwani walipoandamana na Wajerumani kuja bara. Watu hao walikuwa na nyimbo zao, harusi zao na maulidi yao, na hapana shughuli ya usiku isiyohitaji taa. Kwa hiyo historia ya nuru ya jukwaa katika nchi zetu haianzi kwa kitufe wala kwa umeme. Huanza kwa karabai.

Karabai ilitoka Ulaya, na iliyopata jina kubwa kuliko zote ni Petromax, iliyobuniwa Berlin katika kiwanda cha Ehrich na Graetz yapata mwaka 1910. Mafuta ya taa hutiwa katika tangi, hewa hushindiliwa kwa pampu, mrija hupashwa moto kwa spiriti hata mafuta yakageuka mvuke, na mvuke huo huwaka ndani ya utambi wa kitambaa uliochovywa katika chumvi za madini, ukatoa weupe mkali usiokuwa na kifani mbele ya kandili. Taa moja ya namna hii, ikitundikwa juu ya mlingoti au tawi la mwembe, ilitosha kuukusanya mtaa mzima mbele ya waimbaji. Ila ilikuwa na inda zake: ilivuma mfululizo, ilitaka mtu wa kuipiga pampu kila ilipofifia, na haikukubali kupunguzwa nuru polepole kwa kadiri ya maudhui ya mchezo. Mwigizaji aliyetaka kutoweka hakuzimiwa taa. Alijiondoa mwenyewe, akaingia gizani kwa miguu yake.

Huko Uingereza nuru ya jukwaa ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Gesi na chokaa iliyochomwa hata ikang'aa zilitawala kumbi za London kwa muda mrefu wa karne ya 19, mpaka mwaka 1881 ukumbi wa Savoy ulipowashwa kwa taa za umeme zipatazo 1,200 za mvumbuzi Swan. Mwaka 1914 ikaundwa Strand Electric, kampuni ambayo jina lake lilipata kuwa karibu sawa na taa za jukwaa popote desturi ya Waingereza ilipofuatwa. Mafundi wa siku hizo walipunguza nuru kwa njia ambazo kijana wa leo atazidhani ni mzaha: mojawapo ilikuwa chombo cha maji yaliyotiwa chumvi, ambamo mabamba ya chuma yalishushwa na kuinuliwa, na kwa kadiri mabamba yalivyokaribiana ndivyo umeme ulivyopita kwa wingi na taa ikazidi kung'aa. Baadaye zikaja mbao za mikono na magurudumu zilizougeuza umeme wa ziada kuwa joto, hata chumba cha msimamizi wa taa kikawa tanuri.

Katika vyombo vyote vya kampuni hiyo, kilichoenea mno ni kile kiitwacho Pattern 23, kilichotokea mwaka 1953. Ni sanduku la alumini ya kusubu, lenye globu ya wati 500, kioo nyuma yake cha kurudisha nuru, dirisha la kuukatia mwali umbo, na lenzi moja mbele. Ndugu yake, Pattern 123, alitumia lenzi ya duara ndani ya duara iliyolainisha kingo za mwali. Na lenzi hiyo watu wa pwani waliijua kwa sura kabla ya kuijua kwa jukwaa, kwa sababu Mfaransa Augustin Fresnel aliibuni kwa ajili ya minara ya kuongozea vyombo baharini, akaiwasha ya kwanza Cordouan mwaka 1823. Baharia aliyekuwa akitafuta lango la bandari na mwigizaji aliyekuwa akitafuta mahali pake jukwaani waliongozwa na kioo cha ukoo mmoja.

Kumbi za kutundikia vyombo kama hivyo zilijengwa huku kwetu kwa kufuatana. Unguja ilitangulia kwa Royal Cinema Theatre ya mwaka 1921, iliyochorwa na msanifu Sinclair, na baada ya moto kuiteketeza pakasimama Majestic mwaka 1955. Ukumbi wa Taifa wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule iliotangazwa hali ya hatari. Lubumbashi, mji wa Kongo usemao Kiswahili, ulipata ukumbi wake mwaka 1956, na Katanga ilipojitenga mwaka 1960 wabunge wakaenda kuketi mahali palipoandaliwa waigizaji. Jengo hilo sasa ni la baraza la jimbo. Kampala ikafuata mwaka 1959. Ama Rwanda, mwaka huo huo wa 1959 ndio kwanza kituo cha umeme wa maji cha Ntaruka kilikuwa kikianza kazi, na Kigali ulikuwa mji mdogo usioweza kudai ukumbi wa fahari.

Swali lililokuwa zito kuliko wati na lenzi ni la nani aliyeshika ufunguo wa chumba cha taa. Mwaka 1976, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipotaka kuonyesha mchezo wao juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika ukumbi wa Nairobi uitwao wa Taifa, waligombania siku chache tu na vikundi vya kigeni vilivyokuwa vimekwisha kujihifadhia ratiba. Mwaka uliofuata Ngũgĩ na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijijengea jukwaa la wazi lililochukua watu zaidi ya 2,000. Mchezo waliouonyesha humo ukapigwa marufuku kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Dola haikuhofu taa. Ilihofu watu wanaoonwa.

Kigali nayo ilijifunza kwamba ukumbi wa kukopeshwa huenda na mwenyewe: kituo cha utamaduni cha Wafaransa kilifungwa mwaka 2006 nchi mbili zilipovunja uhusiano, na kituo kipya cha nchi zisemazo Kifaransa kikafunguliwa mwaka 2021.

Taa kongwe zimeendelea kuishi katika kumbi nyingi duniani kwa sababu moja iliyo dhahiri: fundi huweza kuzifungua kwa bisibisi, akaona kila kiungo, akakirekebisha. Taa mpya ikiharibika mara nyingi hutupwa. Hata Umoja wa Ulaya ulipokusudia mwaka 2018 kuweka kanuni ambazo zingeziondoa sokoni globu za jukwaa, watu wa tamthilia walipiga kelele mpaka wakapewa ruhusa maalumu. Hata hivyo mapenzi ya vitu vya kale yasitutie upofu, maana nyaya za taa nyingi za miaka hiyo zilifunikwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu taratibu.

Kwa hiyo nawaomba wenye kumbi, wakuu wa shule na maparoko wenye stoo zilizofungwa, Kigali na kwingineko: kabla hamjaliuza sanduku la alumini kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, someni maandishi yaliyochongwa ubavuni mwake, pigeni picha, andikeni lilitoka ukumbi gani, badilisheni nyaya kwa mkono wa fundi anayejua hatari yake, na mkiweza liwasheni tena. Karabai nazo msizisahau.