Kiigizi: Mashine ya Zamani Ndani ya Simu

Kijana wa Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi, mkoani Simiyu, anayetaka kucheza gemu za zamani kwenye simu yake hukutana kwanza na neno la Kiingereza, emulator. Vijiweni hutamkwa emuleta, na wapo wanaodhani ni jina la gemu. Mtu wa namna hiyo hupakua programu kama PPSSPP, huifungua, huikuta haina gemu hata moja, kisha huifuta akiamini ni mbovu. Bando limekwenda bure kwa sababu neno halikufafanuliwa.

Emuleta ni programu inayoifanya mashine moja itende kazi kama mashine nyingine. Gemu ya zamani iliandikwa kwa amri zinazoeleweka na prosesa ya mashine yake. Simu haizielewi. Emuleta huzisoma amri hizo na kuzigeuza ziwe amri ambazo simu inazifahamu. Papo hapo hushika nafasi ya kumbukumbu, kioo na padi ya mashine ile. PPSSPP, kwa mfano, huigiza PSP, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2004.

Dhana hii haikuanza na gemu. Mwaka 1964 IBM ilitangaza kompyuta za System/360, na wateja wake walikuwa na programu zilizoandikiwa mashine za awali kama 1401. Emuleta ndiyo iliyowawezesha kuendelea kuzitumia.

Kwa Kiswahili napendekeza kiigizi. Mzizi ni kitenzi igiza, na kiambishi ki- huonyesha chombo, kama chapisha ilivyozaa kichapishi. Mwigizaji ni mtu. Kiigizi ni kifaa. Irabu mbili zibaki, kama zilivyobaki katika kiingilio. Emuleta iendelee katika mazungumzo, lakini kiigizi humwambia msomaji kazi ya kitu chenyewe, na kwa maandishi ya kufundishia hilo ndilo la maana.

Chukua mfano wa nyumbani: Wasukuma wa Simiyu wana isolo, mchezo wa jamii ya bao. Ubao ukikosekana, mashimo huchimbwa ardhini, na kwa kuwa kete na kanuni ni zilezile, mchezo ni uleule. Kiigizi ni hayo mashimo. Kete na kanuni ni gemu, nayo hutafutwa peke yake.

Anayeanza asikimbilie mashine kubwa. Aanze na kiigizi cha Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Julai 1983 na kuuzwa Marekani kwa jina la NES. Gemu zake ni nyepesi mno: Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40 tu, ndogo kuliko picha moja ya kamera ya simu. Simu ya bei nafuu huimudu bila shida. Akizoea, apande hadi PSP, inayodai prosesa yenye nguvu na nafasi kubwa zaidi.

Kuna jambo moja la sheria. Kiigizi chenyewe hutolewa bure na wengi wa watungaji wake, lakini gemu ina mwenyewe hata ikizeeka, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Zipo gemu mpya zilizotungwa kwa mashine hizo za zamani na kuruhusiwa kusambazwa bure. Pakua kiigizi, kisha anza na hizo.