Visima vya Baba Vilivyofukiwa

Somo: Mwanzo 26:12–22

 

Katika somo la leo tunamwona Isaka, mtu mwenye mifugo mingi, akikaa nchi ya Gerari kama mgeni. Baba yake Ibrahimu alikuwa amechimba visima huko, lakini alipokwisha kufa, watu wa nchi walivijaza udongo. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Katika nchi kavu, mtu anayefukia kisima hamdhuru jirani yake peke yake. Anajidhuru na yeye mwenyewe, maana siku ya kiangazi ng'ombe wake nao wataona kiu. Isaka hakushika silaha. Aliondoka, akapiga hema bondeni, akavifukua visima vya baba yake, akaviita tena kwa majina yale yale ya zamani.

Leo tungependa twende pamoja hadi Kinna, katika Kaunti ya Isiolo. Kinna iko kusini mwa kaunti hiyo, upande wa chini ya milima ya Nyambene, karibu na Mbuga ya Taifa ya Meru. Wenyeji wengi wa huko ni Waborana, na wengi wao ni Waislamu, watu wanaomheshimu Ibrahimu na Isaka kama sisi. Nao wanaweza kutufundisha maana ya somo hili, kwa sababu historia yao ni historia ya visima vilivyofukiwa, na ya watu wanaojaribu kuvifukua.

Tangu zamani Waborana wa Isiolo waliigawa nchi yao kwa sehemu za malisho. Kila sehemu huitwa dedha, na wazee wanaoiangalia huitwa jarsa dedha. Wazee hao walijua nyasi ziko wapi na maji yako wapi. Wakati wa mvua, mifugo ilipelekwa mbali, kwenye madimbwi yasiyodumu. Madimbwi yalipokauka, ilirudi karibu na mito na visima vya kudumu. Tena kulikuwa na malisho ya akiba, ambayo hayakuguswa mpaka ukame mkali ufike na wazee watoe ruhusa. Ng'ombe wa maziwa walibaki nyumbani kwa ajili ya watoto na wazee. Wengine walikwenda mbali na vijana, na kundi hilo la mbali huitwa fora.

Kisimani nako kulikuwa na utaratibu. Yupo mtu aitwaye abba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu za kunywesha. Mgeni naye hakufukuzwa, ila ilimpasa kuja kwa wazee kwanza, aseme ametoka wapi, ana mifugo mingapi na atakaa siku ngapi. Mambo hayo yote yalisimama juu ya neno moja, nagaa, yaani amani. Bila amani, hata nyasi nyingi hazitoshi.

Je, ndugu zangu, hili halitukumbushi Mambo ya Walawi sura ya 25, Mungu alipoagiza kwamba nchi nayo ipewe sabato yake? Ardhi inayotumika bila kupumzika huchoka kama mtumishi asiyepewa siku ya mapumziko. Wazee wa dedha waliipumzisha nchi yao kabla wataalamu hawajafika kuwafundisha.

Basi, nani alivifukia visima hivi?

Kwanza ilikuja mipaka. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilichora mstari kaskazini ya Kenya, ili Wasomali walishe upande mmoja na Waborana na wenzao upande wa pili. Mvua haisomi ramani. Hunyesha hapa mwaka huu na kule mwaka ujao, na mfugaji aliyezoea kuifuata alijikuta anavunja sheria kwa kuwafuata ng'ombe wake.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1963, mara tu baada ya uhuru, vilianza vita vilivyoitwa vya Shifta, navyo viliendelea mpaka mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Tangu mwaka 1966 Waborana wengi wa Isiolo walikusanywa katika kambi, kama zile za Garba Tulla na Merti, wakakatazwa kuhamahama. Mifugo mingi ilipigwa risasi, mingine ikachukuliwa, na mingine ikafa kwa njaa na maradhi kwa kufungiwa mahali pamoja. Wazee wanauita wakati huo Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Watu waliokuwa na mali wakawa maskini wa kungojea posho. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa taarifa yake mwaka 2013, iliandika habari za mateso ya vita hivyo, ili taifa lisiseme halikujua.

Hapo ndipo tunaona kwamba kisima kinaweza kufukiwa bila udongo. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe hana sababu ya kuketi katika baraza la malisho. Kijana aliyekulia kambini hakuwahi kwenda fora. Wazee walibaki na hekima yao, lakini aliyepaswa kurithishwa hakuwepo.

Wanyama wa porini nao hawakusalimika. Mbuga ya Meru ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1966, na ilijulikana duniani kwa ajili ya Elsa, yule simba wa akina Adamson aliyezikwa huko mwaka 1961. Lakini majangili wenye bunduki walikuja. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru wapatao 20,000. Miaka ishirini haijatimia walikuwa wamebaki chini ya 400. Mwaka 1988 majangili waliingia Meru wakawaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Imekuwa kazi ya miaka mingi, pamoja na kuleta wanyama kutoka sehemu nyingine, kuirudishia mbuga hiyo uhai. Pale amani ilipokosekana kwa binadamu, ilikosekana kwa kifaru pia.

Sasa tuseme na jambo linalotugusa sisi wenyewe. Nchi ilipopatwa na ukame, watu wengi wema walileta msaada: serikali, mashirika, na makanisa pia. Sisi watu wa kanisa tulidhani kuchimba kisima ni jambo jema siku zote. Tulikuja na mashine, tukaomba, tukakata utepe, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Lakini mara ngapi tuliuliza wazee wa malisho kisima kichimbwe wapi? Kisima cha kudumu kikiwekwa katikati ya malisho ya mvua, mifugo haiondoki tena. Nyasi hukanyagwa mwaka mzima, mizizi hufa, upepo huchukua udongo, na baada ya muda kuna maji tele mahali pasipo na chakula. Akiba iliyotunzwa kwa siku ya taabu imeliwa siku ya raha. Tulileta maji, lakini pengine tulifukia kisima cha baba. Wapendwa, upendo usiouliza unaweza kudhuru. Tunahitaji kutubu hili bila kujitetea.

Lakini tunamshukuru Mungu kwamba habari haiishii hapo. Katiba ya mwaka 2010 ilitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Katika miaka ile ya 2010, Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuwa na mfuko wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambao kamati za wadi, za wenyeji wenyewe, zilichagua kazi ya kufanywa. Walitengeneza visima na mabwawa, kama mtu angetazamia. Lakini walichagua pia kuyatia nguvu mabaraza ya dedha, ili wazee wakutane tena, wazungukie malisho, na kuzilinda sheria zao. Huko ndiko kufukua kisima cha baba na kukiita kwa jina lake lile lile.

Hatusemi kwamba taabu imekwisha. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika sehemu kavu za Kenya. Hakuna baraza linaloweza kuamuru mvua. Tena mahali wazee wanapoweka malisho ya akiba, mara nyingine huja wafugaji kutoka mbali wakiwa na bunduki, wasiomwuliza mtu. Isaka naye alikutana na hayo. Kisima kimoja alikiita Eseki kwa sababu ya ugomvi, na kingine Sitna kwa sababu ya uadui. Hakukata tamaa. Alichimba cha tatu, na kwa kuwa hawakukigombania, alikiita Rehobothi, mahali pa nafasi.

Basi, msikilizaji, hata kama huishi Kinna, iko chemchemi karibu nawe. Uko mlima ambao miti yake imekatwa, na mto unaopungua kila mwaka. Kabla hujaleta jembe au mashine, mtafute mzee anayeijua ardhi hiyo, uketi chini, umsikilize. Mwulize kisima cha baba kiko wapi, na nani alikifukia. Usishangae ukikuta ni sisi.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka, uliye mwenye nchi na maji yake, utusamehe kwa visima tulivyofukia kwa uchoyo, na kwa vile tulivyofukia kwa haraka ya kutenda mema. Uwape wazee wa Kinna nguvu, na vijana wao masikio. Utupe amani na majirani zetu, ili sote tupate nafasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.