Mawe ya Kale na Haki ya Kupita: Funzo la Wiltshire

Katika Wiltshire, kusini mwa Uingereza, njia ya miguu ya Great Stones Way, yenye urefu wa takriban kilomita 58, huunganisha nyanda za Avebury na Stonehenge, ambako maduara ya mawe yalisimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Historia yake ya karibu ni historia ya haki ya kupita. Mwaka 1901 mmiliki wa Stonehenge, Edmund Antrobus, aliyazungushia mawe hayo uzio na kutoza kiingilio. Kesi dhidi yake iliamuliwa mwaka 1905: mazoea ya umma ya kuyazuru mawe hayakuzaa haki ya kuyafikia. Cecil Chubb, aliyelinunua eneo hilo mnadani mwaka 1915, alilikabidhi kwa taifa mwaka 1918. Lakini hisani ya mtu mmoja si sheria. Ni sheria ya mwaka 1949 iliyoagiza njia za umma ziorodheshwe katika ramani rasmi, ikaruhusu pia njia za masafa marefu. Ridgeway, inayoanzia karibu na Avebury, ilifunguliwa mwaka 1973. Kwa nchi zinazokusudia kuunganisha turathi zao kwa njia za wageni, funzo ni bayana: nyayo za wenyeji zisipoandikishwa mapema, mwenye hati ya ardhi ndiye atakayeamua nani apite.