Mstari Mmoja, Majina Matatu

Usiku huo nilikaribia kuacha darasa. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: tengeneza jedwali la mistari mitatu, kila nafasi iwe sufuri, kisha weka 5 kwenye kona ya juu. Niliandika [[0] * 3] * 3 kwa Python, nikajiona mjanja. Nikaweka ile 5. Ikatokea mara tatu, moja kwa kila mstari. Nikafuta, nikarudia, mambo yale yale. Pesa ya darasa nilikuwa nimekopa kwa dada yangu, na sasa ilianza kuonekana kama nimeitupa.

Niliacha kuandika, nikaanza kusoma haya mavitu yalitoka wapi.

Miaka 2,000 hivi iliyopita, Wachina walikuwa wakipiga hesabu za nafaka kwa vijiti vilivyopangwa ubaoni. Kitabu chao, Jiuzhang Suanshu, kina swali hili katika sura ya nane: mafungu 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 hafifu yanatoa vipimo 39, mafungu 2, 3 na 1 yanatoa 34, mafungu 1, 2 na 3 yanatoa 26. Fungu moja la kila aina linatoa ngapi? Walipanga kila sharti kwenye safu yake, wakatoa safu moja kutoka kwa nyingine mpaka majibu yakabaki wazi. Nafaka bora ni 9¼. Hiyo ni matriksi kabisa, ila haikuwa na jina hilo.

Jina lilikuja 1850. James Joseph Sylvester, Mwingereza, alichukua neno la Kilatini lenye maana ya tumbo la uzazi, kwa sababu aliona jedwali hilo likizaa hesabu nyingine. Mwaka 1858 rafiki yake Arthur Cayley akachapisha kanuni za kujumlisha na kuzidisha matriksi.

Dikshonari ya kompyuta nayo ina babu yake. Mwaka 1953 Hans Peter Luhn wa IBM alipendekeza hivi: usipekue orodha nzima. Pigia hesabu kile unachotafuta, na jibu likuonyeshe kimewekwa ndoo gani. Ndiyo maana Python haianzi kusoma kutoka A. Inaruka moja kwa moja, mradi uipe ufunguo kamili. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi: ukitafuta “walipika” kwenye kamusi utakesha, lazima uende kwa “pika”. Python ni kali zaidi. Andika “Pika” kwa herufi kubwa, inakufukuza.

Na neno kamusi? Kwa Kiarabu lilikuwa bahari. Al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyezaliwa 1329, aliita kitabu chake cha maneno bahari inayozunguka. Kikasifika mpaka jina likashika vitabu vyote vya aina hiyo.

Nikarudi kwa vile vijiti. Mchina akitaka safu tatu, anapanga vijiti mara tatu. Hakuna kijiti kinachokaa safu mbili. Kumbe mimi sikuwa nimetengeneza mistari mitatu. Nilikuwa na mstari mmoja, nimeuita mara tatu, kama mtu mwenye majina matatu ya utani: mpige kofi mmoja, wote wanalia.

Nikaiambia programu izunguke mara tatu, na kila mzunguko iunde mstari mpya. Nikaweka 5. Ikakaa kwenye kona yake, peke yake. Ilikuwa saa saba usiku. Nilimtumia dada picha ya skrini. Hakuelewa kitu, lakini akajibu: endelea.