Toba na Desturi: Funzo la Uamsho wa Gahini

Katika lugha yetu yako maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: majuto, maungamo na toba. Majuto ni uchungu wa moyo baada ya kosa. Maungamo ni kazi ya ulimi. Bali toba, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kurudi. Mtu aweza kujuta asiungame, tena aweza kuungama asirudi. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki yatuonyesha ukubwa wa tofauti hii.

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879. Baina ya 1885 na 1887 waongofu wengi waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa hiyo katika siku zile kukiri imani kulikuwa ni kuhatarisha roho. Lakini mambo yaligeuka upesi. Mkataba wa mwaka 1900 ulithibitisha ugawaji wa uchifu baina ya Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu, na jina la ubatizo likawa mlango wa cheo, shule na ardhi. Katika Kiganda neno moja, okusoma, lilitumika kwa maana ya kusoma na ya kuabudu pia. Hapana shaka wengi walisoma kwa moyo. Hata hivyo, faida za dunia zilipofuatana na dini, haikuwa ajabu kuona makanisa yakijaa watu ambao mwenendo wao ulibaki vile vile.

Hali hiyo ndiyo iliyowasumbua watu wawili waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929: Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha wainjilisti, akafariki Januari 1936, na katika mwaka ule ule moto wa uamsho ukaenea. Watu waliungama hadharani. Zaidi ya hayo, walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, na waliokuwa maadui walipatana. Wako na Wazungu waliowaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao, jambo lisilotazamiwa katika enzi ya ukoloni.

Kanisa lenyewe halikupokea mambo hayo kwa furaha tupu. Mwaka 1941, katika chuo cha uchungaji cha Mukono, wanafunzi 26, miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiri, nao walisema wazi kwamba chuoni mlikuwa na dhambi. Wakuu waliona kwamba utii umevunjwa. Wanafunzi waliona kwamba utaratibu umewekwa mahali pa toba. Tusiwahukumu wakuu upesi, kwa maana mtu aliyeokoka aweza naye kujiona bora kuliko wenzake, na hicho ni kiburi kilichovaa joho jipya.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wengi wa ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakakataa vile vile kushika bunduki upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Hao walionyesha kwamba kurudi kwao hakukuwa maneno.

Lakini ushuhuda nao huweza kugeuka kuwa desturi. Yule asemaye kila juma kwamba amesamehewa hupata ufasaha wa kusema, na ufasaha si moyo. Swali hili lilikuwa zito mno mwaka 1994, katika Rwanda ile ile ya Gahini, ambako wengi wa wananchi walikuwa wamebatizwa. Mauaji ya kimbari yaliandaliwa na wanasiasa, si na mahubiri. Hata hivyo majirani waliosali pamoja waliuana, na watu waliokimbilia makanisani, kama Ntarama na Nyamata, waliuawa humo humo. Wako pia Wakristo waliokufa kwa kuwaficha wenzao.

Basi, si haki kusema kwamba matendo ya nje hayana maana, kwa kuwa hata kurudisha mali ya wizi ni tendo la nje. Yatupasa kuuliza tendo lenyewe laishia wapi. Ibada ya desturi humwishia aitendaye, naye huondoka akiwa ameridhika. Toba humfikia aliyedhulumiwa: mwenye ng'ombe humwona ng'ombe wake amerudi zizini, na jirani hulala usingizi bila hofu. Mwanahistoria hawezi kuusoma moyo wa mtu. Aweza kumwuliza jirani yake.