Haki za Mshukiwa na Kilio cha Mwathiriwa: Funzo Kutoka Ukambani

Msafiri wa basi atokaye Mombasa kwenda Nairobi huingia Kaunti ya Makueni anapofika Mtito Andei, kisha akapita Kibwezi, Makindu na Emali. Kitui iko mashariki yake, ng'ambo ya Mto Athi. Wakamba wa kaunti hizi mbili ni jirani zetu wa siku nyingi, na wengi tunaishi nao huku Pwani, kuanzia Changamwe na Likoni hadi Shimba Hills. Kwa hivyo malalamiko yanayosikika Wote, Mwingi au Mutomo hayana tofauti na yanayosikika Kisauni: polisi wanashika, mahakama inaachilia.

Malalamiko haya yana uzito. Aliyevunjiwa duka usiku, au mama ambaye bintiye amenajisiwa, hataki kuhubiriwa katiba. Anataka kuona aliyemdhulumu akifungwa. Lakini kutoka kwenye malalamiko hayo huzaliwa kauli nyingine, nayo ni hatari: "Ya nini kumpeleka kortini? Mmalizeni hapo hapo." Leo nataka kueleza sheria ya Kenya inavyopima mizani hii, na kwa nini naamini kwamba haki za mshukiwa sizo zinazomfungulia mhalifu mlango.

Wazee wa Kikamba walikuwa na masharti

Kuna wanaodhani kwamba haki za mshukiwa ni jambo la kizungu lililoletwa na katiba mpya. Historia ya Kitui na Makueni haisemi hivyo.

Kabla ya ukoloni, Wakamba walikuwa na njia mbili kali za kukabili uhalifu. Ya kwanza ilikuwa kiapo cha kithitu. Pande zinazozozana ziliapishwa, na iliaminika kwamba mwenye kuapa uongo angepatwa na mauti, yeye au watu wa nyumba yake. Ya pili ni king'ole, ambapo jamii iliungana kumuua mtu aliyeonekana kuwa mwizi sugu au mchawi asiyeweza kurekebika. Charles Dundas, afisa wa kikoloni aliyechapisha historia ya Kitui mwaka 1913, ni miongoni mwa walioandika juu ya sheria za wazee hao.

Linalonivutia ni masharti ya king'ole. Haikuwa ya mtu aliyeshikwa leo akauawa leo. Wazee walikaa, wakapima mwenendo wa mtu kwa muda, na ndugu wa karibu wa mshukiwa alitakiwa kukubali kwanza. Ridhaa hiyo ilizuia kisasi baina ya koo, na pia ilihakikisha kwamba mtu hauawi kwa chuki ya jirani mmoja. Mimi siitetei king'ole, maana ilimaliza uhai wa watu. Nasema tu kwamba hata yenyewe ilikuwa na breki. Kichapo cha sokoni leo, cha mawe na tairi, hakina breki yoyote. Anayepiga kelele ya "mwizi" kwanza ndiye shahidi, na ndiye jaji.

Yalipoachwa masharti hayo, matokeo yake yalionekana. Mwaka 1932 Wakamba 70 walisimamishwa mahakamani kwa kumpiga hadi kufa mwanamke aliyeshukiwa kuwa mchawi. Sitini kati yao walihukumiwa kifo kwa pamoja, ingawa baadaye adhabu hizo zilibadilishwa kuwa vifungo. Mshukiwa mmoja alinyimwa nafasi ya kujitetea, na nyumba 60 zikaingia msibani. Sheria hiyo ya nia ya pamoja bado ipo katika kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu. Wanaoungana kumuua mwizi wa kuku wote wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata yule aliyerusha jiwe moja tu.

Katiba inampa mshukiwa nini?

Haki zenyewe ziko katika Vifungu vya 49 na 50 vya Katiba ya 2010. Kwa ufupi, mtu akishikwa:

• Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kushikwa kwake.
• Ana haki ya kunyamaza, na halazimishwi kukiri.
• Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao.
• Afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti au siku isiyo ya kazi, afikishwe siku ya korti inayofuata.
• Aachiliwe kwa dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia.
• Achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine, na apewe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.
• Apewe mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya korti. Kwa mzee wa Ikutha anayejua Kikamba peke yake, haki hii ndiyo mlango wa kesi nzima.

Dhamana ndiyo inayoudhi watu zaidi, na nyingi ya hasira hiyo hutokana na kutoelewa. Dhamana si kuachiliwa huru. Mshtakiwa hurudi kortini kila tarehe, na akikosa hukamatwa. Upande wa mashtaka ukiwa na ushahidi kwamba atatoroka au atatisha mashahidi, unaweza kuomba anyimwe, na korti ikakubali.

Sisi Waislamu tusione mambo haya kuwa mageni. Katika fiqhi twafundishwa kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Twafundishwa pia kwamba adhabu za hudud huzuiwa panapokuwa na shaka. Kadhi yeyote wa Mombasa au Lamu ataieleza kanuni hiyo bila kufungua kitabu.

Miezi minane korokoroni

Mizani ilijaribiwa kikweli katika rufaa namba 120 ya mwaka 2004, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2006. Mrufani alikuwa amehukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu. Katiba ya zamani iliwapa polisi siku 14 kumfikisha kortini mtu wa kosa la kunyongwa. Huyu alikaa mikononi mwao takriban miezi minane, na upande wa mashtaka haukutoa maelezo ya kuridhisha.

Majaji walimwachilia. Walisema kwamba haki ya kikatiba ikivunjwa bila maelezo, kwa kawaida mshtakiwa ataachiliwa, hata kama ushahidi dhidi yake una nguvu. Baada ya hapo mawakili kote nchini waliishika hukumu hiyo kama ngao, na washtakiwa wa makosa makubwa wakatoka kwa hesabu ya siku walizozuiliwa. Wananchi walikasirika, nami nawaelewa. Mwathiriwa hakumchelewesha mtu. Kwa nini yeye ndiye alipie uzembe wa polisi?

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa yenyewe ilirekebisha mwendo. Katika rufaa namba 50 ya 2008 iliamua kwamba kuchelewa kufikishwa kortini hakumfanyi mtu awe hana hatia. Kama alizuiliwa kinyume cha sheria, dawa yake ni kuidai serikali fidia, na kesi yake isikizwe hadi mwisho kwa ushahidi uliopo.

Naona hapo ndipo mizani ilipokaa sawa. Dhuluma ya polisi inalipiwa na serikali, na uhalifu unalipiwa na mhalifu. Moja haifuti nyingine. Katiba ya 2010 iliongeza Kifungu cha 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hutupwa ikiwa kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kuharibu utoaji wa haki. Kukiri kwa kupigwa hutupwa kwa sababu mtu anayeteswa husema lolote. Ndiyo maana Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, yataka maungamo yafanywe mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, na mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Kesi zinavujia wapi?

Ikiwa haki hizi sizo zinazowatoa wahalifu, ni nini basi? Nimezoea kusoma hukumu zinazochapishwa, na sababu zinazojirudia ni za kawaida mno. Shahidi hakuja. Mlalamishi alimtambua mwizi gizani na hakuna aliyemwuliza kulikuwa na mwanga gani. Gwaride la utambuzi halikufanywa, au lilifanywa vibaya. Hakimu alihamishwa, na aliyempokea hakumweleza mshtakiwa haki yake ya kuitisha mashahidi upya, kama inavyotaka Sheria ya Taratibu za Jinai katika kifungu cha 200. Kesi kama hiyo ikivunjika katika rufaa, watu hulaumu haki za binadamu.

Kisha kuna uvujaji tunaoufanya sisi wenyewe. Mtoto ananajisiwa, wazee wa pande mbili wanakutana, mbuzi kadhaa na fedha zinabadilishana mikono, na mlalamishi haonekani tena kortini. Ukambani hufanyika, na Pwani twaita maslaha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iko wazi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Na kifungu cha 40 kinampa Mwanasheria Mkuu, ambaye kazi yake ya mashtaka sasa iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, uamuzi wa kusimamisha kesi hizo. Baba, chifu na imamu hawana mamlaka hayo.

Mwathiriwa naye hakusahauliwa na sheria. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ilipitishwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, bila kugeuka kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Ni wachache wanaoijua haki hii, na wachache zaidi wanaoitumia.

Kwa nini Pwani tunapaswa kujali

Sisi twajua gharama ya njia ya mkato. Washukiwa wa shambulizi la hoteli ya Paradise, Kikambala, la Novemba 28, 2002 waliachiliwa na mahakama mwaka 2005 kwa upungufu wa ushahidi. Miongoni mwao alikuwa Sheikh Aboud Rogo. Agosti 27, 2012 aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari na familia yake, huku bado akikabiliwa na kesi nyingine. Mombasa ikawaka kwa ghasia. Aliyeyapinga mahubiri yake na aliyeyafuata wote walikosa jambo moja: hukumu ya mahakama. Waliouawa Kikambala hawakupata haki yao kwa kifo chake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Linganisha na kesi ya Mavoko, Kaunti ya Machakos, jirani wa Kitui na Makueni. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake mwendeshaji bodaboda na dereva wao wa teksi walitekwa wakitoka kortini, wakauawa. Mteja huyo alikuwa amemshtaki askari kwa kumpiga risasi. Washtakiwa walikuwa watano: askari wanne na raia mmoja. Walipewa kila haki niliyoiorodhesha hapo juu. Walikuwa na mawakili, wakapinga ushahidi, na maungamo ya yule raia yakabishaniwa katika kesi ndani ya kesi kabla jaji hajayakubali. Ilichukua miaka sita. Julai 2022 wanne walipatikana na hatia, na askari mmoja akaachiliwa kwa kuwa ushahidi dhidi yake haukutosha. Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo na wengine miaka 30, 24 na 20.

Miaka sita ni mingi, na familia ziliumia kusubiri. Lakini hakuna anayenong'ona kwamba walibambikiwa kesi bila kusikizwa.

Tufanye nini?

Mshike mwizi, usimpige. Mpeleke kituoni na uhakikishe kisa kimeandikwa na umepewa nambari ya OB. Aliyejeruhiwa ajaziwe fomu ya P3 mapema. Aliyebakwa au kunajisiwa asioge wala kufua nguo kabla ya kuonekana na daktari, na nguo hizo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda, hata kama korti imeahirisha mara tatu. Ukitishwa, mwambie mwendesha mashtaka, kwa kuwa ipo idara ya serikali ya kulinda mashahidi.

Na mwanao akishikwa, uliza yuko kituo gani, hesabu saa 24, na usilipe chochote ili aandikiwe dhamana ya polisi, kwa sababu huduma hiyo haina malipo. Kiasi cha dhamana chenyewe, ikiwa kimewekwa, dai risiti yake. Mzazi wa Kibwezi na mzazi wa Kisauni wote wanahitaji kuyajua haya mawili pamoja: jinsi ya kumfunga aliyewadhulumu, na jinsi ya kumtetea mtoto aliyesingiziwa. Siku ukihitaji la pili, hutapata nafasi ya kujifunza.